Mkono wa Mama Mkwe

Zefania alikuwa anakaza miiba ya ua wake pale Sepuka aliposikia mkewe Lea anapiga yowe jikoni. Akashika panga, akakimbia. Alidhani nyoka.

Alimkuta mkwe wao Stefano, mume wa binti yao Dina, amesimama mbele ya Lea na mkono ameunyoosha.

"Shikamoo, mama."

Lea alikuwa amejifunika uso kwa ungo. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia porini, miiba ikuchane, mpaka apite. Zefania mwenyewe tangu amwoe Lea hajauona uso wa mama yake Lea, bibi Febronia, na nyumba yake iko ng'ambo ya mbuga tu.

"We Stefano! Umelewa?"

"Sijalewa, baba. Shikamoo."

"Shikamoo yako peleka huko! Toka humo!"

Stefano akatoka, lakini hakuinamisha kichwa. Alikuwa amerudi kutoka kazi ya reli Manyoni, alikolala kambi moja na watu wa pwani, na sasa alikuja kumchukua mkewe. "Kule mtu anamwamkia mama mkwe wake, anakaa mkekani, anapewa chai. Sijaona aliyepofuka."

"Kule ni kule! Ungeniingizia fisi jikoni ningeshtuka kidogo kuliko hivi." Zefania alikuwa anahema. "Dina haondoki hapa. Lete kondoo tuitakase nyumba, kisha uape mbele ya wazee hutarudia. Usipoapa, huna mke."

Dina alikuwa mlangoni, mja mzito, tumbo limeshuka, akaanza kulia.

"Kondoo nitaleta," Stefano alisema. "Kuapa siapi. Nitubu kwa kumsalimia mtu?"

Nyuma ya ungo sauti ya Lea ikauliza, "Hiyo chai umekuja nayo?"

Zefania alimgeukia mkewe, asiamini masikio yake.

Dina akabaki kwao, naye Stefano akapanga chumba kwa jirani. Kila asubuhi alisimama nje ya ua akaita, "Shikamoo, mama!" Mwanzoni Lea alikimbilia ndani. Baadaye akaitikia, "Marahaba," huku anapepeta uwele kana kwamba hakusema neno. Wanawake walichukua habari hiyo kisimani, ikavuka mbuga.

Asubuhi moja Zefania aliinua macho akaona kikongwe na fimbo yake anaingia langoni, katokea ng'ambo ya mbuga. Akajua ni nani. Akaruka, akageuka akimbie, akakutana na miiba aliyoikaza mwenyewe. Hapakuwa na pa kupenya.

"Acha kuparamia ua, Zefania," alisema bibi Febronia. "Nasikia siku hizi wakwe wanaamkiana. Nimefuata shikamoo yangu kabla sijafa."

Akanyoosha mkono.

Zefania akatazama. Ilikuwa pua ya Lea, paji la Lea, hata jicho moja dogo kuliko lingine. Miaka yote hiyo alikuwa anaukimbia uso anaolala nao. Nje ya ua Stefano alikuwa ameganda, na Dina mlangoni ameshika tumbo.

"Shikamoo, mama," Zefania alisema, na mkono wake ukawa umeshaenda.

"Marahaba. Kumbe umeota mvi hivyo!" Bibi hakumwachia. "Dina, mjukuu wangu, funga mizigo. Mumeo anangoja."

Zefania akafungua kinywa akatae. Akautazama mkono wake ndani ya ule mkono, na kinywa kikabaki wazi hivyo hivyo.