Kome wa Mwezi wa Saba

Vilimaina alipopata ruzuku ya watafiti wachanga, nilicheka mpaka nikapaliwa.

"Mchanga gani wewe, miaka thelathini na moja na mvi mbili?"

"Mchanga ni wewe, Apenisa, unayefuliwa shati na mama yako."

Ni binti wa shangazi yangu, na kwetu Fiji mtoto wa shangazi ni mtani. Ukimsalimia kwa adabu atadhani umenuna.

Ruzuku yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuanzia tu: apime kome wa mto wetu, aone kama sumu ya mgodi wa kule juu imewaingia, maana watoto walikuwa wanaumwa matumbo. Apime Machi, Mei na Julai. Akikamilisha, aombe fedha za miaka mitatu. Asipokamilisha, basi, arudi kwenye vibarua vya kufundisha muhula kwa muhula.

Julai ilipoanza tu, Ratu wetu, chifu wa kijiji, akafariki. Kwa desturi ya msiba mto ukafungwa kuanzia darajani hadi kwenye mianzi, siku mia, hakuna kuzamia. Vili hakubisha, ni mtoto wa hapa. Alikaa kwetu akitafuna muhogo kama anatafuna karatasi.

"Si ungoje, mwanangu," mama akamwambia. Mama ndiye kiongozi wa wanawake wazamia kome.

"Mimi nitangoja, mama. Wenye fedha hawangoji."

Kesho yake nikaenda sokoni mjini, nikanunua fungu la kome. Kome si kome? Nikamwambia Vili, "Mama aliwazamia asubuhi ile kabla ya msiba, wakabaki kwenye friji."

Akanikumbatia. Mtani wangu, kunikumbatia! Nilipaswa kusema palepale.

Wiki tatu baadaye aliita mkutano ukumbini. Bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, lilipozunguka na makofi yakaisha, akasimama, uso unang'aa.

"Machi na Mei kome walikuwa na sumu nyingi. Wa Julai ni safi kabisa! Siku mia zikiisha, naona watoto wanaweza kula. Ripoti nimeshatuma. Namshukuru mama kwa kome wake wa kwenye friji."

"Kome gani?" mama akauliza.

Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Pembeni ya mama, shemeji yangu alikuwa amempakata mwanawe Sera, miguu kama vijiti, anamwambia, "Umesikia? Utakula kome." Mama akanigeukia. Nikasimama.

"Niliwanunua sokoni."

"Apenisa, leo usinitanie."

"Sikutanii, Vili."

Vili akaikunja karatasi yake, akawaambia wanawake polepole, "Nilichosema sasa hivi kifuteni. Ninayoyajua ni ya Machi na Mei. Msiwape watoto."

"Na zile fedha za miaka mitatu?" mmoja akauliza. Vili akachukua kompyuta yake, akatoka.

Nilimkuta nje kwenye ngazi, kompyuta mapajani, anaandika barua ya kuondoa ripoti.

"Niandike mimi. Kosa ni langu."

"Jina lililo kwenye ripoti ni langu."

Nikangoja anitukane. Ningelipia kutukanwa.

"Hao wa sokoni," akasema bila kuinua macho, "walitoka mto gani?"

Kumbe sikuwa nimeuliza. Nilitikisa kichwa. Akaandika: haijulikani.