Mwaka wa Kujifunza Kuomba

Mbambu aliingia katika ofisi ya Mlango Wazi akiwa na viatu vipya na Kifaransa kingi. Ilikuwa miaka ile ambayo vita vilikuwa vimenyamaza Bunia, mji mkuu wa Ituri mashariki ya Kongo, lakini hakuna aliyethubutu kuapa kwamba vimelala. Maduka ya barabara kuu yalikuwa yamepakwa rangi upya, askari wa Umoja wa Mataifa walinunua ndizi sokoni, na tairi la lori likipasuka mji mzima ulinyamaza kwanza, kisha ukacheka.

Alikuwa anamaliza masomo, na chuo kilimtaka afanye stage, yaani miezi kadhaa ya kujifunza kazi mahali fulani. Mlango Wazi lilikuwa shirika dogo la vyumba viwili nyuma ya soko. Liliwatetea watu waliofungwa bila kesi, na wajane waliorudi kutoka ukimbizini wakakuta viwanja vyao vina wenyewe wapya. Mkuu wa shirika alikuwa Mama Bibiane, mwanamke mrefu wa familia ya wafugaji waliokaa Ituri tangu mababu, mwenye desturi ya kucheka kidogo kabla ya kusema jambo gumu.

Siku ya kwanza alicheka hivyo hivyo.

"Binti, unajua kuandika projet ya kuomba feza?"

"Ndiyo, Mama. Nilipata distinction kwenye mtihani."

"Nzuri. Sasa weka ile distinction pembeni. Bazungu banasema Ituri iko na amani. Feza yabo imeenda fasi ingine, kule vita ingali moto. Siye tutaomba Bunia."

Mbambu alidhani hakusikia vizuri. "Bunia? Mama, watu wa Bunia wenyewe hawana kitu."

"Mutu akikufa mu quartier, nani ananunua sanduku? Ni Bruxelles?"

Mbambu aliandika neno Bunia katika daftari lake. Lakini moyoni aliona aibu, kwa kuwa alikuwa binti wa Papa Mathieu, mfanyabiashara Mnande aliyetoka Butembo na kufungua duka la maharagwe, sabuni na mafuta ya mawese katika mtaa wa Lumumba. Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja iliyotangulia hata sala ya chakula: "Siye hatuombi. Siye tunauzisha."

Safari yake ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja muuza vitenge. Mbambu alisimama mlangoni, akamwaga hotuba aliyoikariri usiku kucha, haki za binadamu huku, utawala bora kule. Yule mama alimsikiliza kwa subira, kisha akamtolea noti moja iliyochakaa, vile mtu anavyompa kipofu nje ya kanisa. Mbambu akaipokea, akarudi ofisini huku machozi yakichora mistari katika vumbi jekundu la mashavu yake.

Mama Bibiane hakumbembeleza. "Ulimuuliza habari yake?"

"Hapana."

"Ulimuuliza kama iko na ndugu mu prison? Kama naye alipoteza kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulimuomba sadaka, naye akakupa sadaka. Hakukosea, maskini. Kesho tutaenda wote wawili."

Wakaenda kesho yake, na siku nyingi baada ya hiyo. Hata leo, miaka imeshapita na yeye anakaa Kisangani kwenye joto linalobana pumzi, Mbambu akifumba macho huyaona yale matembezi: ukungu wa asubuhi juu ya mikaratusi, baridi inayouma vidole, harufu ya mahindi ya kuchoma, na Mama Bibiane mbele yake akitembea bila haraka, pindo la kitenge chake likiwa jekundu kwa vumbi. Waliketi na wafugaji kwenye njia ya Bogoro wakanywa maziwa, na saa nzima ikapita watu wakizungumzia ng'ombe tu. Waliketi na wauza mawese. Waliketi na vijana wa teksi za pikipiki, ambao mwenzao alikuwa amelala jela miezi bila hata kuulizwa jina. Mama Bibiane aliuliza, akasikiliza, akauliza tena. Mwishoni kabisa ndipo aliposema, "Hii kazi ni yenu. Siye tuko tunaifanya, lakini tumechoka. Mutatusaidia namna gani?"

Na watu walisaidia. Vijana wa pikipiki waliahidi kuwabeba mashahidi bure mpaka mahakamani. Mtu mmoja wa machimbo ya Bambu, mchimba dhahabu aliyetolewa jela na Mlango Wazi mwaka uliotangulia, alileta gunia la viazi vitamu akaliweka mlangoni bila maneno mengi. Yule mama wa vitenge, walipomrudia na kumuuliza habari zake, alilia kwa ajili ya kaka yake aliyekuwa jela, na toka siku hiyo akawa anachanga kila mwezi, tena yeye ndiye aliyekuwa anawasukuma wenzake wa mstari ule wa vibanda. Taratibu ile aibu ikamtoka Mbambu. Alianza kuwasalimia watu kabla hajafikiria atawaambia nini.

Jioni moja Mama Bibiane alicheka kidogo. Mbambu akajua jambo gumu linakuja.

"Umezunguka Bunia yote, binti. Bado fasi moja. Kwenu."

Mbambu aliinama. Sababu aliijua, na Mama Bibiane aliijua vilevile. Kesi kubwa ya Mlango Wazi mwaka ule ilikuwa ya Denise, mjane aliyekimbia wakati wa mapigano akamwacha mumewe kaburini. Aliporudi Lumumba, alikuta ghala la saruji limesimama palipokuwa nyumba yake. Mwenye ghala alikuwa Papa Kamate. Na Papa Kamate alikuwa rafiki wa baba yake Mbambu, rafiki wa kula sahani moja.

Alimwambia baba yake usiku ule, baada ya duka kufungwa. Papa Mathieu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wakati tulikimbia mpaka Beni kwa miguu," alisema, "mama yako alivimba magoti. Nani alimubeba ku mugongo?"

"Papa Kamate."

"Njo ule mutu unataka nilipe avocat amushitaki?"

"Papa, kile kiwanja ni cha Mama Denise."

"Kamate alinunua. Hakuiba. Aliyeiba ni yule aliyemuuzisha, na yule hatumuone tena." Akainuka. "Omba kila mutu. Mimi usiniombe."

Mbambu hakurudia tena.

Mwezi uliofuata wakaandaa mnada katika uwanja wa shule ya parokia, kwa desturi ile ile ya sikukuu ya mavuno kanisani. Watu walileta ndizi, mayai, mikeka, kuku. Mnadi alikuwa Maître Honoré, mwanasheria wa shirika, mtu mkimya mahakamani ambaye akipewa jogoo wa kunadi hugeuka kabisa. Alimwinua jogoo mmoja mwekundu, mkali kama mkuu wa polisi. Wafugaji wa Bogoro wakamnunua, wakamrudisha anadiwe tena. Wauza mawese wakamnunua, wakamrudisha. Vijana wa pikipiki wakachangishana hapo hapo wakamnunua, wakamrudisha. Watu ambao miaka michache nyuma wasingepita njia moja walikuwa wanagombania kuku kwa kicheko, na jogoo mwenyewe alikuwa amechoka kuwika.

Hapo ndipo Papa Kamate alipoingia, suti ya rangi ya kahawia, kofia mkononi. Alitaja bei iliyowanyamazisha wote. Akalipa papo hapo, akasema, "Jogoo ni wa wajane." Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mbambu naye alipiga makofi kabla hajamwona Denise kwenye benchi la nyuma. Denise hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumatatu asubuhi Mama Bibiane alimpa Mbambu bahasha. Hakucheka.

"Rudisha kwa Kamate."

"Mimi? Mama, yule ni kama baba yangu!"

"Njo maana ni weye. Nikienda mimi, atasema ni kabila. Ukienda weye, atasikia maneno."

Mbambu alipita mbele ya ghala mara mbili kabla ya kuingia. Papa Kamate alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, anakunywa chai. Mbambu alipiga goti kidogo, akamsalimia kwa Kinande kama alivyofundishwa tangu utoto, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Hii nini?"

"Mchango wako, Papa. Mama Bibiane anakushukuru sana. Lakini hatuwezi kuupokea kabla kesi haijaisha."

Uso wa mzee ulibadilika. "Feza yangu iko na harufu?"

"Hapana, Papa."

"Nilinunua hii parcelle na jasho yangu! Nilionyeshwa document!"

"Utamwambia jaji, Papa, naye atakusikiliza. Lakini tukibaki na hii feza halafu Mama Denise ashindwe, hata akishindwa kwa haki, atasema tulimuuzisha kwako. Na atakuwa na sababu."

Papa Kamate aliweka kikombe chini. Mbambu alisubiri kutukanwa. Mzee akaichukua bahasha, akaitia mfukoni bila kuifungua, akageukia chai yake.

"Baba yako atasikia," alisema.

Alisikia kabla ya jioni. Mezani Papa Mathieu alikula fufu na sombe, yale majani ya muhogo, mpaka mama yake Mbambu akaondoa sahani.

"Kamate alikuja ku duka. Anasema nililea mutoto haiko na heshima."

"Papa..."

"Nikamuuliza, alikutukana? Akasema hapana, alinisalimia vizuri. Nikamuuliza, alibakiza kitu mu bahasha? Akasema hapana." Akanawa mikono polepole. "Basi nikatafuta kosa lako, nikalikosa."

Siku iliyofuata, saa ya jua kali, Papa Mathieu alisimama mlangoni pa Mlango Wazi amevaa koti la Jumapili. Alimsalimia Mama Bibiane, akakataa kiti, akatoa mchango wake, si mkubwa wala si mdogo. Mbambu alipomshukuru, baba yake alikunja uso.

"Risiti iko wapi? Na muandike jina langu yote. Musiandike 'rafiki' tu, kama bale banajificha."

Kwa mwaka mzima baada ya hapo Papa Kamate hakukanyaga kwao. Mama yake Mbambu ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa Sikukuu ya Noeli walizoea kula pamoja, na mwaka ule alipika chakula kingi kwa mazoea, kikabaki. Kesi ilikokotwa, ikaahirishwa, ikakokotwa tena. Mwishowe pande mbili zilipatana mbele ya jaji: Denise alirudishiwa nusu ya kiwanja yenye kisima, Kamate akabaki na ghala, akalipia nusu iliyobaki. Hakuna aliyefurahi kabisa. Lakini Denise alijenga vyumba viwili vya matofali, na ilisemekana wale wawili wanasalimiana juu ya ua, mara nyingine hata kwa maneno zaidi ya salamu.

Mbambu alipata kazi Kisangani, kwenye shirika kubwa. Huko pesa hupita benki, kutoka kwa watu ambao hatawaona kamwe, na yeye huwaandikia ripoti kwa Kifaransa kile kile cha distinction. Kazi ni nzuri. Halafu vilima vya Djugu, kaskazini ya Bunia, vikawaka moto wa vita tena, wafugaji wakatawanyika, na Mama Bibiane, ambaye magoti yalikuwa yamemshinda, akahamia kwa binti yake Kampala. Mbambu husema naye kwa simu. Mama Bibiane huuliza kwanza habari za watoto, mvua, bei ya samaki, na Mbambu hufurahi kuulizwa hivyo, kirefu, bila haraka.

Mwaka jana alipita Bunia kwa siku chache. Aliitafuta ofisi nyuma ya soko, akakuta imekuwa duka la dawa. Msichana wa kaunta alimkaribisha, akamuuliza anaumwa nini. Mbambu alitazama kuta, mahali meza ilipokuwa, mahali magunia ya viazi yalipoegemezwa. Akanunua vidonge vya kichwa, ingawa kichwa hakikumuuma, kisha akamuuliza yule msichana jina lake, na kwao ni wapi, na biashara inaendaje. Walizungumza mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa mlangoni.