Mchakamchaka wa Juu

Jumanne moja ya Machi, mwaka 1974, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Anatoli alipuliza filimbi, na wanafunzi sitini wa shule ya kijiji kipya, upande wa Migato, wakaanza mchakamchaka. Kwenye mzunguko wa tatu, pembeni ya shamba la pamba la shule, Ng'washi wa darasa la nne aliinuka shubiri moja kutoka ardhini, akaendelea kukimbia. Wenzake nao wakainuka, mmoja baada ya mwingine.

"Inueni magoti!" alisema Mwalimu Anatoli.

Kufikia Alhamisi walikuwa wanapita juu ya paa la ofisi, wakicheka hadi kushikwa na kwikwi.

"Naliona ziwa!" Ng'washi alipiga kelele. "Naiona Lamadi! Wanaanika samaki!"

Wote wakageuza shingo upande wa samaki.

Wazazi wao walihamia hapo mwaka uliotangulia. Mashamba ya mahindi yalibaki kule walikotoka, mwendo wa nusu siku. Hakuna mtoto aliyepaa ambaye alikuwa amekula tangu mchana wa jana yake. Saa za kazi walishuka kwa kushika majembe, wakapalilia pamba.

Kwandu, rafiki wa Ng'washi, alipaa siku tatu. Siku ya tatu mama yake, Milembe, akiwa kisimani, alimwona akipita juu ya mikwaju. Jioni alimwekea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na maziwa ya mgando aliyoyaomba kwa jirani.

"Mayu, nikila sitapaa kesho."

"Kula, mwanangu."

Kesho yake Kwandu alikimbia peke yake chini, vivuli vya wenzake vikimpita. Alilia kidogo kwa wivu, ingawa tumbo lilikuwa limetulia. Milembe akaendelea kumpa.

Jumatatu akaja Bwana Afya, jina lake Gharib, na fomu mkononi. Watoto walitakiwa waulizwe wanataka somo la afya liwafanyie nini. Aliwauliza akiwa ameinua uso, nao wakajibu wote kwa mpigo, kwa shangwe ya kuulizwa. Uji! Kisima kifukuliwe! Shamba la shule lipandwe mahindi na choroko!

"Wana furaha sana," alisema Bwana Afya.

"Sana," alisema Mwalimu Anatoli.

Bwana Afya akamgeukia Kwandu. "Na wewe mbona uko chini?"

"Shikamoo. Mimi nimekula."

"Unataka somo la afya likufanyie nini?"

Kwandu alikuwa akiingoja zamu yake, akajibu haraka, asikatizwe. "Litushibishe kwanza, ndipo tukimbie. Hata uji kikombe kimoja. Na ile pamba ing'olewe, tupande chakula. Wenzangu wamekwambia hivyo hivyo sasa hivi."

Bwana Afya alitazama juu tena. Alikuwa amepita shule saba, na huko kote watoto walikimbia chini. Akaandika: *Mazoezi yamefaulu. Mwanafunzi mmoja mzito. Apunguziwe chakula.*

Baada ya wiki mbili barua ilifika. Shule ilikuwa ya kwanza kwa mazoezi, na shule nyingine zingekuja kujifunza. Mwalimu Anatoli aliisoma mstarini, na watoto wakashangilia hewani hadi sauti zikasikika mnadani.

Milembe naye aliarifiwa kwamba Kwandu apunguziwe chakula. Aliitikia, akaenda nyumbani, akamjazia Kwandu mfuko wa sare michembe, vipande vikavu vya viazi vitamu.

Asubuhi Kwandu alikimbia chini ya wenzake akiwarushia vipande. Waliodaka walishuka kidogo, wakacheka, wakainuka tena. Ng'washi aliteremka hadi Kwandu akamshika kifundo cha mguu.

"Vimebaki vingapi?"

"Kimoja."

Ng'washi alikitafuna polepole, macho kayafumba. Kwandu alimvuta kwa mikono miwili, lakini kipande kimoja hakikutosha kumfikisha chini.