Mbwa wa Kaure Wanaotazama Bahari

Usingizi unamchukua Shufaa akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, maana katika nyumba hii ya wageni ya mwanamke aitwaye Gunvor watu huvua viatu mlangoni kama kwao Tanga, na hilo ndilo jambo pekee lililompa moyo tangu afike Simrishamn, mji wa Uswidi ambao hata jina lake linamkwaruza ulimi. Jua la huku halina adabu, watu wameshakula chakula cha usiku nalo bado limekodoa macho dirishani. Na hapo dirishani wameketi mbwa wawili wa kaure, weupe, masikio yao ya rangi ya dhahabu. Gunvor amemweleza habari zao kwa Kiingereza chao cha kuungaunga: wake wa mabaharia wa zamani walikuwa na desturi, mume akiwa safarini mbwa hutazamishwa nje, baharini, na akirudi hugeuzwa watazame ndani. Hawa wa Gunvor wanatazama ndani, na mumewe yuko jikoni anakohoa. Shufaa, ambaye kwao mbwa hakanyagi hata kibaraza, amewatazama mpaka machozi yakamlengalenga. Meli ya mizigo aliyopanda mumewe Hatibu iling'oa nanga hapa hapa, ikapotea na watu wake wote, na hakuna mwili ulioonekana. Shemeji yake, Athumani, ameshasomesha hitima, anamtaka avue vipuli akae eda kama wajane wengine. Vipuli amevua kweli, lakini amevivua akaviuza apate nauli, akaja kuitazama bahari hiyo kwa macho yake. Eda amesema hakai.

Sasa mlango unafunguka wenyewe naye anatoka, viatu bado mkononi, na barabara ya mawe inamteremsha kuelekea bandarini, lakini kila akifika mwisho wake bandari haipo, ipo barabara nyingine, mawe yale yale, nyumba zile zile fupi za manjano na nyekundu iliyofifia, mawaridi yamesimama milangoni, na kila nyumba inatazamana na nyingine iliyo sawa nayo kama mtu na kioo. Kila dirisha lina mbwa wawili, na wote wanatazama ndani, wamemgeuzia visogo. Mbona waume wote wamerudi, anajiuliza, na mtaa mzima hasikiki hata mtu mmoja akicheka? Njia panda anamkuta mwanamke anafagia. Aproni yake ni kama ya Gunvor, lakini mahali pa uso pana weupe mtupu, laini, kama sahani iliyooshwa. Shufaa anataka kukimbia, miguu inagoma, basi anafanya lile analofanya siku zote akiogopa, anakuwa mkali. Wewe, bandari iko wapi? Iko unakotoka, anajibu asiye na uso. Ninakotoka ni nyumbani. Basi umeshafika. Shufaa anasonya. Sikuvuka mabara kuja kutegewa vitendawili, mama, namtafuta mume wangu. Mwanamke ananyoosha ufagio, na pale unapoelekea ipo nyumba ya Shufaa mwenyewe, ile ile ya Tanga, na pazia lake la maua, imebanwa katikati ya nyumba za Kiswidi kana kwamba ilijengwa hapo. Mbwa wake wanatazama nje, hawa peke yao mji mzima. Wageuze, anasema asiye na uso. Ukiwageuza, yumo ndani.

Anaingia, anawageuza, nani asingewageuza? Anamgeuza wa kwanza na kiti kinalia sakafuni, anamgeuza wa pili na mwanamume ameketi mezani, mgongo ni wa Hatibu, shati ni la Hatibu, lenye kiraka begani alichokishona yeye Shufaa. Jikoni sufuria iko tayari, anapakua wali, na ukoko anaukwangua anauweka juu kabisa, maana Hatibu hajawahi kula wali asianze na ukoko, hugombana na wanawe kwa ajili yake. Mwanamume anausukuma ukoko pembeni mwa sahani. Unausukuma ukoko, Hatibu? Mume ni mume, inajibu sauti. Hebu geuka nikuone. Anageuka, na pale pa uso pana weupe ule ule. Mwanamke wa ufagio amesimama dirishani. Usilie, anasema, wenzio wote wameridhika, nyumba yenye mtu haina kilio. Nani kakwambia sitaki kulia? Shufaa anapiga meza mpaka sahani inaruka. Mimi namtaka Hatibu mwenye pua iliyopinda na maneno mengi, na kama bahari imemchukua nitamlilia yeye, yeye hasa, na siku ya kumlilia nitaichagua mimi, si Athumani wala si wewe. Na wewe, toka kwenye kiti cha watu! Anawageuza mbwa watazame nje. Kiti kinabaki kitupu, na utupu huo unamuuma vibaya, lakini ni wake. Kisha anatoka mbio, anatia mkono madirishani kwa watu, anageuza mbwa nyumba hii, anageuza ile, na nyuma ya kila dirisha mwanamke anaanza kulia na kuita jina la mtu wake, mpaka mtaa mzima unapiga kelele, na barabara inachoka kujirudia, na bandari hiyo hapo, maji hayo hapo. Hatibu! anaita kwa nguvu zake zote.

Simu inamwamsha. Ni Athumani. Shemeji, umeshaiona hiyo bahari, anasema, sasa umeridhika? Sijaridhika, shemeji, na usiniulize tena, siku ya kukaa eda nitakwambia mimi. Anakata simu. Viatu viko mkononi, nyayo zake zina mchanga uliolowa, na mbwa wa dirishani wanatazama nje. Anakwenda mpaka mlango wa jikoni, hakuna anayekohoa. Gunvor amesimama mbele ya jiko, kampa mgongo, anauliza kwa upole kama mgeni amelala vizuri, kama ameridhika. Shufaa anaweka viatu chini, anashika fremu ya mlango.

Geuka kwanza, dada, anasema. Geuka nikuone.