Maboya Mawili ya Mzee Ulysse

Katika vinamasi vyote vya kusini mwa Louisiana hapakuwa na jicho la kumwona samaki kama la Ulysse Verdin. Haya, nimetia chumvi. Palikuwa na macho mengi tu, tena majirani walikuwa nayo mawili mawili. La Ulysse lilikuwa moja, na hilo moja nalo sasa lilikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni.

Siri hiyo aliijua yeye na mbwa wake. Binti yake, Odile, aliambiwa kwamba daktari amelisafisha jicho likawa la kijana. Odile hakubisha. Alikuja tu kutoka Lafayette na koti zito, akapanda boti, akakaa mbele na fimbo ya kuvulia.

"Nionyeshe samaki kabla sijamwona mimi," alisema. "Ukishindwa, funguo za boti nazichukua, na wewe unahamia kwangu."

Kwake! Kwenye mazulia, na kiti cha kutazamia magari yakipita! Tangu mkewe afariki, Ulysse hakuwa na pengine pa kupumulia ila majini. Aliwasha injini.

Siku mbili kabla, upepo wa kaskazini haujaanza, alikuwa amekuja peke yake. Baridi ikizidi, samaki wekundu hujikusanya kwenye mashimo, na maji huchujika yakawa kama chai ya rangi. Basi kwenye mashimo mawili aliyoyajua tangu ujana alizamisha tofali moja moja, kila moja limefungiwa boya jeupe kwa kamba aliyoiokota nyumbani. Maboya ya mitego ya kaa yametapakaa kila mahali, nani angeshuku? Doa jeupe hata yeye aliliona.

Njia aliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Alizima injini, akapanda jukwaa la nyuma, akaanza kuisukuma boti kwa upondo. Upepo ulimchoma masikio. Doa jeupe likatokea.

"Kushoto, karibu na matete! Yule pale, mgongo kama shaba. Tupa!"

Odile alitupa chambo. Maji yakapasuka, fimbo ikapinda, na samaki akaingia botini akipigapiga mkia wenye doa jeusi.

"Ehee!" Ulysse alicheka, machozi yakimtoka. "Jicho la kijana!"

"Mmoja ni bahati, baba. Babu alimpata mmoja akiwa amelewa amelala."

"Babu yako alikuwa mlevi mwenye kipaji."

"Nionyeshe mwingine."

Alisukuma tena, upondo ukikwama kwenye tope kila mara, mabega yakiwaka moto. Tope lilikuwa karibu mno na uso wa maji, jambo ambalo miaka mingine lingemshtua. Lakini mtu anayezama hachagui kamba ya kushika; alilitafuta doa jeupe tu. Mungu wangu, liwepo. Nisipelekwe kwenye mazulia.

Likawepo, ng'ambo ya ukingo wa mfereji.

"Kulia!" alipaza sauti. "Kundi zima, mwanangu! Wanapepea mikia! Tupa, tupa kabla hawajakuona!"

Odile alisita. "Una hakika, baba?"

"Nawaona kama ninavyokuona wewe!"

Akatupa. Ulysse alingoja mlio wa maji. Akasikia *pu*, kama andazi lililodondoka mezani.

Hapo ndipo akili ikamrudia: usiku kucha upepo wa kaskazini umeyasukuma maji baharini. Shimo la kwanza lilikuwa na kina. Hili la pili lilikuwa tope tupu.

"Wamekimbia," alisema.

"Wamekimbia na maji yao?"

Odile alivuta mshipi, ukaja mzito, ukiburuta kitu kwenye tope hadi ubavuni mwa boti.

"Na hili boya, baba? Lina tofali."

"La wavuvi wa kaa," alisema haraka. "Wavivu wale. Hata sijawahi kuliona."

Odile aliinua kamba mpaka karibu na jicho la baba yake. Kamba ilikuwa ya buluu, na juu yake, kikiwa kimeing'ata vilevile tangu siku ya mwisho ya kufua, kilikuwa kibanio cha nguo cha marehemu mama yake.