Sweta Isiyovuja

Tangu mume wangu aanze kufuma, nyumba hii haina pa kukaa. Ukivuta kiti, kuna bonge la sufu. Ukifunua kikapu cha vitunguu, sufu. Siku moja niliinamisha chupa ya chai, ukatoka uzi wa manjano.

"Baba watoto, huu uzi umeingiaje humu?"

"Ulikuwa unajikunjakunja. Nikautafutia pahali pakavu."

Pakavu! Mtu aliyechomelea matangi ya maji maisha yake yote, leo anaita chupa ya chai pahali pakavu.

Nafoka tu, lakini sindano zile nazishukuru. Bamba la chuma lilimwangukia mkono wa kulia karakanani. Mifupa iliunga, ila vidole vilibaki vizito. Sabuni ilimponyoka, kikombe kilimponyoka, na utani wake wote ukaisha. Binti yetu alipopiga simu kwamba amejifungua salama na atamleta mtoto tumwone, mimi nilipiga vigelegele.

"Mimi simshiki," mume wangu akasema. "Nitamtazama tu."

Maneno yale yalinikata maini.

Daktari wa viungo ndiye aliyempa sindano za kufumia, vidole vipate mazoezi. Basi akafuma mikono imenyooka mbele, jicho moja amelifumba, utadhani anakwepa cheche. Na kwa kuwa hajui kufanya kitu nusunusu, alikaza kila kitanzi kwa nguvu zake zote. Kitambaa chake cha kwanza nilikisimamisha mezani, kikasimama chenyewe. Fundi mwenzake alipita kutusalimia, akakigonga kwa kidole asikie kama kina mlio.

"Sasa namfumia mke mwenzako sweta," mume wangu aliniambia baadaye. Mke mwenzangu ndiye huyo mjukuu.

"Mimi nimekupikia miaka yote, hata soksi sijaiona!"

"Mguu wako huo utamaliza sufu ya duka zima."

Nilimtupia bonge la uzi. Moyoni nilifurahi, maana ulikuwa utani wake wa kwanza tangu aumie.

Alifuma vipande, akaviunga kama anavyounga matangi: kila ukingo ukutane na mwenziwe, pasibaki tundu. Chini tu ndipo alipoacha wazi, na kwenye mikono. Binti yetu alipofika na mtoto, baba mtu akatutolea sweta kifua mbele. Nikaipindua huku, nikaipindua kule.

"Baba watoto, kichwa kinatokea wapi?"

Akaichukua, akaichungulia kwa ndani, akaielekeza dirishani. Pale penye shingo haukupita hata mwanga.

"Haivuji," alisema polepole.

Binti yetu alicheka hadi akakaa sakafuni. Baba yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, na aliponyanyuka kufuata mkasi, nilijua akiikata hiyo hatashika sindano tena. Nikampokonya sweta.

"Unaharibu nguo ya mtu!" Nikaigeuza juu chini. Mikono ikawa miguu, shingo iliyozibwa ikawa makalio. "Hii ni suruali. Tena haivuji! Umeshaona mtoto mchanga anayehitaji kitu zaidi ya hicho?"

Alinitazama, akaitazama suruali, kisha akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

Kumvisha ndiyo ikawa kazi. Ile nguo ilivyokazwa, mimi niliivuta upande mmoja na binti yetu upande wa pili, ndipo ikapanuka. Mtoto alikuwa kitandani, anarusha miguu hewani.

"Mnyanyue basi, tunachoka!" nilimfokea mume wangu, bila kufikiri.

Naye bila kufikiri akamnyanyua. Tukapitisha mguu huu, tukapitisha na ule, tukavuta hadi kiunoni. Ndipo nilipoinua macho nikaona kiganja chake cha kulia kimetanda chini ya kisogo cha mjukuu wetu, vidole vyote vimeshika. Nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti, nikamshukuru na daktari wa viungo ambaye hata hakuwepo.

Binti yetu alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Mwache," baba yake akasema. "Nimemshika."