Mnara wa Vipande Sita

Tangu saa moja asubuhi fundi mwashi alikuwa kwenye benchi la zahanati, amempakata binti yake wa miaka miwili na nusu, kiuno kinamuwaka moto. Alichotaka ni kimoja tu: mtoto apite kipimo cha ukuaji, yaishe. Jirani alimnong'oneza kwamba watoto hupimwa kwa kupanga vipande vya mbao. Basi wiki tatu nzima, kila akitoka kazini, alikaa naye sakafuni kumfundisha.

"Unamwandalia mtoto au unamwandalia nesi?" mkewe alimuuliza.

Wakaitwa. Nesi, mama mtu mzima aliyechoka hadi kope, akamwaga vipande sita mkekani. Mtoto akavipanga vyote, wima kama nguzo.

"Hee! Huyu kazaliwa na pimamaji ya fundi mkononi," nesi akacheka, akatia alama ya vema kwenye fomu. "Anaongea?"

"Anaongea."

"Anasemaje?"

"Ah, mambo ya nyumbani tu."

Nesi akapiga miayo. Foleni ilikuwa imefika getini. Kalamu yake ikatua kwenye kisanduku kingine, ikatia vema.

Hapo beseni la bati likaanguka nyuma ya mlango, kishindo cha kuamsha mtaa. Nesi akaruka. Kitoto cha chumba cha pili kikaangua kilio.

"Nyie huko! Mnataka kuniua?" nesi akafoka, akatoka kuangalia.

Binti wa fundi hata kope hakupepesa. Alikuwa ameubomoa mnara wake, anaupanga upya, anaweka kipande cha sita.

Fundi akakumbuka. Siku aliyokwenda naye kazini, mashine ya kukatia vigae ilinguruma hatua mbili kutoka kwa mtoto naye akaendelea kuchezea mchanga. Fundi aliwatambia wenzake kwamba ana mtoto jasiri.

Nesi akarudi, akachukua muhuri.

"Haya baba, yuko sawa. Mwingine!"

Fundi hakuinuka. Angeweza kwenda zake, na hakuna ambaye angejua.

"Nesi, futa hizo alama za vema."

"Nifute?"

"Ya mbao nimemkaririsha. Ya kuongea nimedanganya. Na beseni hakulisikia."

Nesi akamtazama, akakaa kwa uzito. Akapiga makofi nyuma ya kisogo cha mtoto, mara tatu. Mtoto hakugeuka. Akavuta fomu mpya, akaanza kuandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali, akapimwe masikio.

"Mama yake utamwelezaje?"

"Anajua siku nyingi," fundi akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nabisha."

Akambeba binti yake, anayelilia vile vipande vya mbao, wakatoka na barua.